Mtoto anafanya akiwa na mwalimu wake tu: tuzungumzie stadi kusambaa na kudumu katika ABA

Mchambuzi_T (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna lalamiko ambalo kila anayefundisha watoto wenye usonji amelisikia: "Kwenu anafanya, kwetu hafanyi." Karatasi ya kumbukumbu inaonyesha majibu sahihi karibu yote kwa vipindi kadhaa mfululizo, mtaalamu ameandika "ameshaijua" na kuhamia stadi nyingine. Mzazi akimwambia mtoto jambo lilelile sebuleni, mtoto anamwangalia tu. Kinachofuata ni lawama: mzazi hana msimamo, mtaalamu anapika takwimu, mtoto ni mkaidi.

Naona wote watatu wanasingiziwa. Mtoto anafanya sawasawa na alivyofundishwa. Kama kila siku swali lilitoka kwa mtu mmoja, mezani palepale, kwa kadi zilezile na sauti ileile, basi kwake yule mtu, meza, kadi na sauti vyote ni sehemu ya swali. Ukiondoa vitatu ukabakiza kimoja, umemuuliza swali jipya.

Kwa wageni wa mada: ABA, yaani uchambuzi tumizi wa tabia (kufundisha kwa kupanga na kupima kinachotangulia tabia na kinachoifuata), hutenganisha mambo mawili hapa. Stadi kusambaa ni kuonekana mahali, kwa watu au kwa vitu ambavyo havikuwepo wakati wa kufundisha. Ni pia mtoto kuanza namna nyingine ya jambo hilo ambayo hakuna aliyemfundisha: ulimfundisha kusema "nisaidie", siku moja anasema "imekwama, fungua". Kudumu ni stadi kuendelea kuwepo baada ya mafunzo kupunguzwa au kusimama. Moja haileti nyingine. Stadi inaweza kusambaa kila mahali kisha ikafa, na nyingine ikadumu miaka lakini kwenye kiti kimoja tu.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1968 watafiti Baer, Wolf na Risley waliandika makala iliyoweka misingi ya fani hii, wakataja sifa saba za kazi inayostahili kuitwa ABA. Mojawapo ni kwamba badiliko la tabia lidumu, lionekane katika mazingira mengi na lifike hata kwenye tabia nyingine. Wakasisitiza kwamba hilo lipangwe, lisisubiriwe tu kisha likaombolezwa lisipotokea. Miaka tisa baadaye, 1977, Stokes na Baer walipitia tafiti zipatazo 270. Njia waliyoikuta imetumika sana waliiita, nadhani kwa kejeli kidogo, "fundisha kisha utumaini". Ukichukua mipango mingi ya mafunzo inayoandikwa leo, ukafuta jina la mtoto, bado njia ni hiyohiyo.

Hoja yangu ni moja. Mpango wa kusambaza na kudumisha uandikwe kabla ya somo la kwanza, si baada ya "ameshaijua". Na kama huwezi kutaja ni nani au ni nini kitaendelea kuilipa tabia hiyo, yaani kumpa mtoto matokeo anayoyataka, siku wewe haupo, usianze kuifundisha.

Karibuni tubishane.

---

mama_wa_wawili

Asante sana mkuu, umenigusa. Mwanangu ana miaka sita. Kwa mwalimu wake anaomba msaada kwa kumkabidhi kadi ya picha, vizuri kabisa, nimeona kwa macho yangu. Nyumbani kadi ileile ipo, nimeibandika ukutani, lakini kitu kikimshinda anapiga kelele na kujitupa chini. Sasa nianze kumfundisha upya mimi mwenyewe au kuna njia fupi?

---

Mchambuzi_T

Mama, kabla ya kufundisha upya, chunguza kwanza yeye anafuata nini hasa.

Kuna utafiti wa Rincover na Koegel wa mwaka 1975 ambao ningependa kila mwalimu wa fani hii aujue. Watoto kumi wenye usonji walifundishwa jambo jepesi ndani ya chumba, halafu mtu mgeni akawajaribu nje. Wanne hawakuonyesha chochote nje. Watafiti hawakuishia kuandika "hakuna msambao". Walivirudisha vitu vya chumbani kimoja kimoja, wakitafuta ni kipi kinamwamsha kila mtoto. Wakagundua kwamba kila mmoja wa wale wanne alikuwa ameshikilia kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukifundisha, kwa mfano namna mwalimu alivyousogeza mkono wakati wa kutoa agizo. Maneno yenyewe mtoto hakuwa anayasikiliza kabisa. Kitu hicho kilipopelekwa nje, jibu likarudi.

Kwa mwanao ningeanza na maswali kama haya. Kule kwa mwalimu kadi inakaa wapi: mezani mbele yake, au ukutani kama kwako? Mwalimu akiona mtoto amekwama, je, anainama kidogo au ananyoosha kiganja? Hicho kiganja mara nyingi ndicho mtoto anachojibu. Kazi inayomshinda kule ni ipi, na kwako ni ipi? Mwombe mwalimu akuruhusu kurekodi video fupi, uiangalie bila sauti. Ukizima sauti utaona mambo ambayo mwalimu mwenyewe hajui kwamba anayafanya.

Ukishapata kinachomwamsha, kilete nyumbani kama kilivyo. Kadi iwe mezani, kiganja kinyooshwe. Akianza kuomba kwako, kipunguze taratibu: kiganja nusu, kisha mkono ubaki pajani. Huko nako ni kufundisha, ila huanzi sifuri.

Na jambo la pili, ambalo watu wengi hulipita. Nyumbani, akijitupa chini, je, kile kitu kinafunguliwa? Kama kelele zinaleta msaada haraka kuliko kadi, kadi itashindwa tu. Hapo hatuna tatizo la stadi kutosambaa, kwa sababu mtoto ana njia mbili na anatumia inayolipa zaidi.

---

mama_wa_wawili

Hilo la pili limenichoma 😅 Ndiyo, zinafungua.

---

Kaka_Mpole

Naweka kambi hapa.

---

Mwl_Darasa_la_Chini

Mleta mada unaeleza vizuri lakini nina shida. Sisi tulifundishwa kwamba mtoto wa aina hii anahitaji utaratibu usiobadilika: agizo moja, maneno mafupi, vitu vichache, usimchanganye. Leo unatuambia tubadilishe sauti, kiti, kadi, watu. Si tutamvuruga hata hicho kidogo alichoshika?

---

Mchambuzi_T

Mwalimu, swali zuri na sina ugomvi na utaratibu. Utaratibu mkali una faida mwanzoni: mtoto anapata majibu sahihi mapema, na mwalimu anajua ni nini kinafanya kazi. Bei yake ni hiyo tunayoilalamikia.

Kuna jaribio la zamani la njiwa linaloonyesha kwa nini. Guttman na Kalish, 1956, waliwafundisha njiwa kudonoa kitufe chenye mwanga wa rangi moja, kisha wakawaonyesha rangi nyingine. Njiwa waliendelea kudonoa, lakini kadiri rangi ilivyokuwa mbali na ile ya mwanzo ndivyo midonoo ilivyopungua. Msambao una mteremko. Kufundisha kwa kubana kila kitu kunaufanya mteremko huo kuwa mkali zaidi: kitu kikibadilika kidogo tu, jibu linaanguka.

Kwa hiyo usibadilishe kila kitu ovyo. Tenga vitu viwili: vile ambavyo lazima viongoze jibu, na vile ambavyo havina maana. Kama unafundisha "nipe nyekundu", rangi ndiyo yenye maana. Ukubwa wa kitu, upande kilipo, nguo uliyovaa, umekaa au umesimama, vyote havina maana. Vya kundi la pili ndivyo vya kuyumbisha, tena mapema, kabla mtoto hajajenga mazoea navyo. Stokes na Baer waliita hivyo kufundisha kwa kulegeza, na kulegeza huko ni kwa makusudi. Mtoto akianza kukosea sana, banisha kidogo, kisha legeza tena.

---

Dk_Stadi

Niongeze kwenye hapo pa "watu wengi, vitu vingi". Wengi wakisikia hivyo wanaongeza idadi tu. Idadi peke yake haitoshi.

Stokes, Baer na Jackson, 1974, waliwafundisha watoto wanne wenye ulemavu wa akili, waliokuwa wakiishi katika taasisi, kupunga mkono kama salamu. Alipofundisha mtu mmoja, kwa kawaida salamu haikuwafikia wafanyakazi wengine. Alipoongezwa mwalimu wa pili, watoto watatu wakaanza kuwasalimia wafanyakazi zaidi ya 20 ambao hawakushiriki kabisa katika mafunzo. Watu wanapenda sana utafiti huu kwa sababu unatia moyo: walimu wawili tu, basi!

Lakini linganisheni na Sprague na Horner, 1984. Wao waliwafundisha wanafunzi wa sekondari wenye ulemavu kutumia mashine za kuuzia bidhaa, zile unazotumbukiza sarafu na kubonyeza. Mafunzo kwa mashine moja hayakusaidia sana kwenye mashine ambazo mwanafunzi hajawahi kuziona. Mafunzo kwa mashine tatu zinazofanana nayo hayakusaidia sana. Kilichosaidia ni mashine tatu zilizochaguliwa ili kwa pamoja zionyeshe tofauti zote zilizopo huko nje: ya kubonyeza na ya kuvuta, tundu la sarafu liko juu au pembeni, na kadhalika. Tatu na tatu, matokeo mbali kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mifano, tembea kwanza kule stadi itakakotumika. Mabomba ya maji yako aina ngapi? Ya kuzungusha, ya kuinua, ya kubonyeza, yale yanayojifungua ukisogeza mkono. Ukimfundisha mtoto kunawa kwa mabomba matano, yote ya kuzungusha, umefundisha bomba moja mara tano.

Na usisahau mifano ya "hapa usifanye". Mtoto aliyejua kuondoa vyombo mezani anapaswa kujua pia kutoondoa sahani ya mtu ambaye bado anakula.

---

Mwl_Darasa_la_Chini

"Umefundisha bomba moja mara tano." Naichukua hii kwenye kikao cha walimu.

---

Nyota_ya_Jioni

Nimewasoma wote kimya kimya, sasa niseme. Mimi sipendi hii ABA. Mtoto anapewa nyota, anapewa kitu kitamu, anafanya. Nyota zikiisha anaacha. Halafu mnakuja hapa kushangaa kwa nini haidumu. Mmemfanya kuwa mtu wa kulipwa. Na watu wazima wenye usonji wameandika wazi kwamba walilazimishwa kutazama watu machoni miaka na miaka, wakajifunza kujificha. Hilo nalo "lilisambaa" vizuri sana.

---

Mchambuzi_T

Dada (kama ni kaka nisamehe), nitakujibu sehemu ya pili kwanza kwa sababu ndiyo nzito zaidi.

Unasema kweli, na fani haina budi kuisikiliza. Kumtazama mtu machoni kuna watu kunawaumiza. Tena tazama jambo hili kwa kipimo nilichokitoa mwanzoni: nani atailipa tabia hiyo mafunzo yakiisha? Kwa mtoto anayeumia, hakuna malipo ya asili, kuna maumivu. Itabidi mtu mzima asimame hapo daima na kumsukuma. Stadi inayohitaji msukumo wa milele inakwambia kitu kuhusu aliyeichagua. Kuomba msaada, kukataa, kusema "nimechoka", kuvaa viatu mwenyewe, hizi zinamlipa mtoto mwenyewe. Baer na Wolf waliwahi kuziita hali kama hizo mtego: ukishamsukuma mtoto hadi mlangoni, mazingira yenyewe yanamshika. Mtoto akijua kuwaalika wenzake kucheza kwa namna wanayoielewa, wenzake ndio watakaoifundisha stadi hiyo kuanzia hapo.

Sasa nyota. Ni kweli kwamba zawadi inayotolewa kila mara, kwa ratiba ileile, ikikatwa ghafla tabia huzimika upesi. Ferster na Skinner mwaka 1957 walitoa kitabu kizima kuhusu ratiba za uimarishaji, yaani tabia inalipwa lini na mara ngapi, na moja ya mambo yaliyothibitika sana katika somo hili ni kwamba tabia inayolipwa mara moja moja, bila kujulikana lini, huchukua muda mrefu zaidi kuzimika kuliko inayolipwa kila mara. Kwa hiyo nyota ni ngazi ya kupandia tu, na mpango wa kuiondoa unapaswa kuwepo tangu siku ya kuileta: kila jibu, kisha baada ya majibu mawili matatu, kisha bila mpangilio, huku sifa ya kawaida na matokeo ya asili yakichukua nafasi. Ukipunguza kwa pupa, mtoto ataacha au atakasirika. Rudi hatua moja nyuma.

Anayetoa nyota mwaka mzima kwa kasi ileile hajafanya nusu ya pili ya kazi. Lawama yako hapo ni ya haki.

---

Nyota_ya_Jioni

Ni dada. Nimekuelewa kwenye kuchagua stadi. Kwenye mengine tutaendelea kutofautiana.

---

Mchambuzi_T

Haina shida dada.

---

Baba_Usiku

Wadau, mnaongelea kusambaa tu, kudumu mmekugusa juu juu. Wangu alikuwa anajifunga kamba za viatu, tukahama nyumba, mambo yakawa mengi, nikaja kustuka hajui tena. Ni kumbukumbu yake au nini?

---

Dk_Stadi

Mara nyingi si kumbukumbu, mkuu. Uliza: katika kipindi kile, ni nani alimfunga kamba? Asubuhi yenye haraka, mtu mzima anainama, anafunga, wanaondoka. Stadi haikutumika, na kutoitumia kulilipwa kwa kuhudumiwa.

Soma pia walichokipata Lovaas, mtafiti wa ABA, na wenzake mwaka 1973 walipowafuatilia watoto wenye usonji waliomaliza tiba. Waliorudi kwa wazazi waliofundishwa njia zile waliendelea kushikilia walichopata, na hata kusonga mbele. Waliopelekwa kwenye taasisi walirudi nyuma. Mafunzo yalikuwa yaleyale, mazingira ya baadaye ndiyo yaliyotofautiana. Ndiyo maana mimi nikiona mpango una saa nyingi za mtoto na hakuna hata saa moja ya kumfundisha mzazi, naurudisha.

Kingine ni wepesi. Mtoto anayefunga kamba kwa usahihi lakini kwa dakika nne ameijua nusu. Maisha hayamsubiri dakika nne, mtu atamfungia. Kigezo cha "ameshaijua" kiwe na usahihi na kasi ya kutosha kutumika.

---

Mchambuzi_T

Hapo kwenye kasi nakuunga mkono moja kwa moja.

Baba_Usiku, kuhusu upimaji: baada ya mafunzo kuisha, ratibu majaribio ya kustukiza yanayoachana kadiri muda unavyokwenda, mathimethi baada ya wiki, wiki mbili, mwezi, miezi mitatu. Majaribio hayo yawe bila msaada na bila zawadi ya ziada, kwenye mlango ambako viatu huvaliwa kweli. Akifaulu, ongeza muda kati ya jaribio na jaribio. Akianguka, usirudie somo zima. Mazoezi machache ya kukumbushia mara nyingi yanatosha, kisha muda huo unaanza tena mfupi. Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu, alionyesha tangu 1885 kwamba mazoezi yaliyotawanywa hushikilia zaidi kuliko yaliyorundikwa, na hakuna sababu ya kudhani watoto wetu wako nje ya hilo.

Na pimeni kabla hamjafundisha. Ukijua mapema kwamba kwa bibi yake hafanyi, shuleni hafanyi, bustanini hafanyi, baadaye utajua msambao umetoka wapi. Wengi hupima sehemu hizo mwishoni tu, hawana cha kulinganisha.

(Nimeandika "mathimethi", simu inanichezea. Nilikusudia "mathalani".)

---

Afisa_Ustawi

Naomba kuleta kona ya usalama. Kuna watoto tunawafundisha "ukikuta silaha usiiguse, ondoka, mwambie mtu mzima". Ukimuuliza anaimba yote matatu. Tafiti za mtafiti wa tabia Miltenberger na wenzake zilionyesha tofauti hiyo: watoto walioweza kuieleza kanuni vizuri hawakuifuata walipowekwa peke yao na silaha isiyo na risasi bila kujua kwamba wanaangaliwa. Kusema ni tabia moja, kutenda ni nyingine. Ilibidi wafanye mazoezi ya vitendo, na wengine wafundishwe palepale jaribio lilipofanyika.

Kwa hiyo msipime stadi za usalama kwa maswali ya mdomo. Kuvuka barabara hupimwa barabarani, mtu mzima akiwa karibu kuzuia ajali.

---

Kaka_Mpole

Swali la kijinga labda. Kuna hatari ya kusambaa kupita kiasi? Mpwa wangu alifundishwa kukumbatia kama salamu, sasa anakumbatia kila mtu, hadi wapita njia.

---

Dk_Stadi

Si la kijinga hata kidogo. Ni upande wa pili wa jambo lilelile: stadi imesambaa mahali isipotakiwa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mpaka. Mfundisheni kwa jozi: huyu wa familia, kumbatia, huyu mgeni, punga mkono. Zote mbili zilipwe. Msimkataze tu kukumbatia bila kumpa salamu nyingine, maana ataikosa salamu kabisa. Mifano ya wageni iwe mingi na tofauti, wanaume, wanawake, vijana, wazee, la sivyo atajifunza kwamba "mgeni" ni yule mama mwenye miwani aliyetumika kwenye mazoezi. Akiendelea kukua, jambo hili linakuwa la usalama wake, kwa hiyo lianze sasa.

---

Mwl_Darasa_la_Chini

Ombi la mwisho kutoka kwangu. Nikirudi kazini kesho, kwenye fomu ya mpango wa mtoto niongeze nini? Nafasi ni ndogo, mistari minne hivi.

---

Mchambuzi_T

Mstari wa kwanza: stadi hii itatumika wapi, na nani, kwa vitu gani, baada ya mimi kuondoka. Taja kwa majina, usiandike "mazingira mbalimbali".

Wa pili: mifano nitakayofundishia, na mingine nitakayoificha kwa ajili ya kupima tu. Hiyo ya kupima isiguswe kwenye mafunzo, hata siku ambayo una haraka.

Wa tatu: zawadi ya kuanzia, hatua za kuipunguza, na kinachochukua nafasi yake.

Wa nne: tarehe za majaribio ya kustukiza na jina la mtu atakayeyafanya. Asiwe wewe, mwalimu. Ukienda wewe, mtoto atakuona na kufanya, nawe utaandika kwamba stadi ipo.